Inchi Tatu na Kiti cha Mbele

Jumamosi, 27 Februari 1954

Mvua ya jana: pointi sitini na mbili. Nimeiandika kitabuni saa tatu kamili asubuhi, kama kawaida. Hapa Tunduma wananiita Bwana Chupa. Wivu tu! Mimi, Isaka, ndimi Karani wa Mvua. Kila asubuhi nafungua kipimo cha serikali, natoa chupa, namimina maji kwenye bilauri yenye mistari, nahesabu. Pointi mia ni inchi moja. Na inchi si mchezo. Ikipita inchi moja kwa siku, Kefa, nyapara wa barabara, anateremsha gogo lake getini na malori yote yanalala siku mbili, yasije yakachimbua njia. Kwa maneno mengine, kalamu yangu ndiyo inayofunga barabara. Nani mwingine hapa ana kalamu ya namna hiyo?

Mchana benchini kwa Teresia. Teresia ana hoteli ya chai na maandazi pale barabara inapopinda, na benchi lake ndilo baraza letu sisi wapenda magari. Lina sheria zake. Kwanza hali ya hewa, halafu magari, halafu mpira. Anayeruka mpangilio anasimama mpaka lori lingine lipite. Na lori likisikika kabla halijatokea kwenye kona, lazima aina yake itajwe kwa mlio tu. Aliyepatia anakaa ncha ya benchi, upande wa barabara. Leo nikasema Bedford. Damiano, fundi cherehani, akasema Albion. Ilikuwa Albion. Damiano akasogea nchani bila hata kunitazama. Teresia alikuwa ameshasema Albion zamani, macho yakiwa kwenye karai, lakini yeye hakuulizwa.

Halafu habari kubwa! Rubeni, mwenye lori lake mwenyewe lililotokana na kahawa ya Mbozi, ataipeleka timu yetu Nanyala Jumamosi ijayo. Maili arobaini. Wachezaji na mashabiki nyuma. Mbele, dereva mwenyewe na mtu mmoja. Mmoja!

Damiano akakohoa na kusema kwamba yeye ameshazoea kukaa mbele. Ameshazoea! Alikaa mbele mara moja tu, mwaka 1951, kutoka hapa hadi Mbeya, na tangu siku hiyo hatujapumzika. Mshale wa mafuta ulivyokuwa ukicheza. Upepo ulivyomwingia shingoni. Alivyoweka mkono dirishani, kiwiko nje, watu wakampungia. Miaka mitatu nasikiliza kile kiwiko.

Mimi sijawahi kukaa mbele. Naandika humu tu. Benchini wanaamini nilikaa mwaka 1947.

Tukabishana mpaka Rubeni akachoka. Akasema basi, ninyi si mnajua mvua? Kila mmoja ataje mvua ya wiki ijayo, Jumatatu mpaka Ijumaa, vipimo vitano vijumlishwe. Atakayekaribia zaidi atakaa mbele. Wengine wakacheka wakatuachia sisi wawili. Damiano akatazama mawingu, akalamba kidole, akasema inchi moja na nusu. Mimi nikasema tatu. Tatu kamili! Wiki iliyopita zilikuwa nne, na mtaalamu hasemi nusunusu.

Damiano akalalamika kwamba msoma chupa ndiye huyohuyo mshindani. Rubeni akaamua Kefa asimame nami kila asubuhi wakati wa kusoma. Nimekubali kwa heshima zote. Nimeumia kidogo.

Jumapili, 28 Februari

Ibada. Mahubiri marefu, mawingu mazuri. Sikumbuki mahubiri.

Baada ya chakula nimemwandikia barua baba mkwe. Mzee Watson anaishi Nanyala, karibu kabisa na uwanja, na tangu uwanja huo ufyekwe hajakosa mechi hata moja. Ananiheshimu kwa mdomo. Lakini siku ya harusi, miaka tisa iliyopita, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema napima mvua. Akauliza: na isiponyesha? Ukoo mzima ulicheka. Mpaka leo shemeji zangu wakiniona wanatazama juu.

Nimeandika hivi: Baba, nitafika Jumamosi kwa lori, nikiwa mbele. Nimepiga mstari chini ya neno mbele. Mara mbili. Barua imeondoka leoleo na mtu wa baiskeli.

Marita, mke wangu, akasema Baba Lusungu, hicho kiti umeshakipata? Nikamwambia bado, ila mahesabu yamekamilika. Akaendelea kuchambua maharage. Nimefanya mazoezi ya kiwiko kwenye dirisha la chumbani. Liko juu mno, mkono ulikufa ganzi.

Jumatatu, 1 Machi

Pointi ishirini. Si mbaya kwa kuanzia. Kefa alisimama nyuma yangu kama askari wa zamu, akainama, akahesabu mistari kwa kidole, akatia sahihi yake ndefu. Mtu mwaminifu kupita kiasi. Kwake kitabu ni kitabu.

Benchini nimewaeleza jinsi mvua kubwa inavyojikusanya upande wa Ileje kabla ya kutuangukia. Nilieleza vizuri sana. Lori likasikika. Nikasema Austin. Lilikuwa Bedford. Nimesimama juani mchana wote kwa sababu nilitaja mpira kabla ya magari, na lori lingine halikupita.

Jumanne, 2 Machi

Chupa kavu. Hata unyevu hakuna! Kefa akaandika sifuri moja kubwa sana, ingetosha ndogo.

Jua kali. Mawingu ya Ileje yamebaki Ileje. Damiano kaja benchini na kofia ya kujikinga jua, ambayo hajawahi kuivaa, akaniuliza kama kuna joto au ni yeye tu. Dereva mmoja wa upande wa pili wa mpaka akashuka kunywa chai, akatusalimu kwa lugha yao, mwapoleni mukwai, akasema barabara yote tangu asubuhi ni vumbi tupu mpaka puani. Damiano akamwomba arudie. Akarudia.

Jumla ya pointi ishirini. Kiwango changu ni mia tatu. Barua imeshafika Nanyala.

Sikula vizuri. Nimetembea kutoka mlangoni hadi shimo la taka na kurudi mara kumi na tisa. Marita akasema kama natafuta mvua haiko pale.

Jumatano, 3 Machi

Nimepata njia! Ni rahisi, nashangaa haijawahi kumjia mtu.

Mvua ni nini? Ni maji ndani ya chupa. Serikali haiulizi yametoka wapi, inauliza ni mangapi. Nimelitafakari hilo tangu alfajiri na sioni kosa lolote ndani yake. Mdomo wa kipimo ni mdogo, upana wa kiganja. Kikombe kimoja cha chai kinaweza kufanya inchi nzima. Kikombe kimoja! Wengine wanaomba mvua kanisani siku arobaini.

Saa moja asubuhi nikatoka na kikombe cha Marita, kile cha bati chenye maua ya buluu, kama mtu anayekunywa chai njiani. Kulikuwa na chai kidogo chini. Nikajaza maji mtoni mpaka karibu na nusu, nikaruka uzio, nikamimina. Kikombe nikakificha kwenye nyasi za uzio. Kazi ya dakika mbili.

Saa tatu Kefa akaja. Pointi arobaini na tano! Nikashangaa kwa sauti. Kefa hakushangaa, aliinua bilauri juani. Akasema mvua hii ina rangi. Nikasema ni vumbi la barabarani, limepanda juu na malori likarudi na mvua. Akatazama kipimo. Sisimizi walikuwa wamejipanga kuanzia chini hadi mdomoni, msafara kamili. Akachovya kidole, akaonja. Kisha akasema katika miaka kumi na mitano ya barabara hajawahi kuonja mvua tamu. Nikamwambia ni heri kwa wakulima. Akaandika arobaini na tano, na pembeni, kwa herufi ndogo: tamu.

Benchini ikawa zogo. Damiano akasema shati la mteja wake lililala nje na limeamka kavu. Nikamkumbusha kwamba mvua za huku zinanyesha kwa vipande: shamba hili inanyesha, la jirani vumbi. Wote wakakubali, kwa sababu ni kweli, kila mkulima hapa ameshaona. Teresia akasema ni kweli, ila hicho kipande kilikuwa kidogo, sawasawa na kikombe. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Jumla sitini na tano.

Alhamisi, 4 Machi

Uhuni! Nimefika kipimoni saa moja kasoro, nikamkuta Damiano. Amehamishia cherehani yake pale! Ameiweka chini ya mti ulio mbele ya uzio, na kiti, na pasi ya mkaa, na wateja wawili wanapimwa viuno. Akasema mwanga wa huku ni mzuri kwa kutunga uzi. Kumbe alikuwepo tangu jana jioni, akaenda kulala, akarudi kabla ya jogoo.

Nikakaa naye. Tukazungumza hali ya hewa, halafu magari, halafu mpira, kwa mpangilio, kama watu wastaarabu. Tuliongea saa mbili nzima. Akaniambia habari za kiwiko. Wakati wote nilikuwa naona mpini wa kikombe ukimetameta kwenye nyasi, hatua tatu kutoka mguuni kwake.

Saa tatu, Kefa. Sifuri.

Siku imebaki moja. Ili nimshinde Damiano nahitaji jumla ipite inchi mbili na robo. Ninazo pointi sitini na tano.

Nimemwomba Marita apeleke gauni kwa Damiano kesho asubuhi, aseme lina haraka, fundi aende nyumbani kuchukua kitambaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema gauni lake halihusiki na mambo ya kitaalamu, na kwanza kikombe chake kiko wapi? Alipewa na baba yake siku ya harusi. Nimesema nitakitafuta.

Nina wasiwasi. Miguu haitulii. Nimeota niko Nanyala nashuka nyuma ya lori, juu ya mafurushi ya mashabiki, na shemeji zangu wote wanatazama juu.

Ijumaa, 5 Machi, asubuhi

USHINDI! Naandika kwa haraka.

Saa moja Damiano alikuwa palepale, cherehani yake inalia. Nikaanza kukata tamaa. Kisha mlio. Kutoka upande wa mpaka, mlio ambao hakuna mtu wa benchi letu amewahi kuusikia. Mzito, wa polepole, unakohoa kila baada ya pumzi. Damiano akaachia kanyagio. Nikaona masikio yake yanasogea. Nikamwambia kwa upole kwamba watu wa benchini lazima wameanza kutaja.

Maskini! Alivumilia, nasema kweli, alivumilia kama dakika nzima. Alishika meza ya cherehani kwa mikono miwili. Kisha akapiga mbio kuelekea kwa Teresia, utepe wa kupimia unapepea shingoni, akipaza sauti kwamba ni lori la magurudumu sita. Lilikuwa trekta. Hakuna aliyepatia, isipokuwa Teresia.

Mimi uzio, kikombe, mto. Kikombe cha kwanza, fyuu. Nikahesabu, hakitoshi. Mbio mtoni. Cha pili, fyuu! Kimejaa mpaka juu, ili kuwa na uhakika. Kikombe kwenye nyasi. Damiano aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake namlindia cherehani. Akanishukuru.

Saa tatu Kefa akamimina. Bilauri ikajaa, akamwaga, ikajaa tena, akamwaga, ikajaa tena. Alihesabu mara mbili. Inchi mbili na pointi kumi! Damiano akashika kichwa. Ardhi kavu, majani makavu, lakini bilauri ni bilauri, na Damiano mwenyewe anakiri kwamba alipokimbia hakutazama mbinguni. Jumla: inchi mbili na pointi sabini na tano. Rubeni alikuwa amefika, akanipa mkono mbele ya wote. Kiti cha mbele ni changu.

Kefa akaandika, akatia sahihi, akavaa kofia yake, akaondoka akielekea getini. Hakuaga. Mtu wa ajabu.

Nakwenda kunyoa ndevu.

Ijumaa, jioni

Gogo liko chini.

Nilikuwa nusu ya kidevu niliposikia honi. Nyingi. Nikatoka na sabuni usoni. Malori manne yamepanga foleni, la Rubeni la kwanza, na Kefa amesimama mbele yake na kitabu changu kwapani. Inchi mbili na pointi kumi kwa siku moja! Barabara imefungwa kwa malori hadi Jumapili saa tatu. Motokaa ndogo na baiskeli ruksa.

Rubeni akamwonyesha vumbi. Akalipiga teke likapanda. Kefa akasema analiona, ila barabara haifungwi kwa vumbi wala kwa macho, inafungwa kwa kitabu. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia huenda, labda, pengine, kipimo kimekosea kidogo. Akasema sawa kabisa, atamwandikia Bwana Shamba, mkubwa wa vipimo vyote, sasa hivi kwamba karani anasema kipimo kimekosea, na karani aeleze kimekosea vipi na nani alikigusa. Nikasema kipimo kiko sawa.

Wachezaji wakaitisha baiskeli. Zimepatikana nane. Kwa hiyo wanane wameondoka mchana huu, watalala njiani. Mlinda mlango hajui kuendesha baiskeli! Baiskeli ya nane ni ya Damiano, mpya kabisa, akajitolea kudaka. Ameniambia pole ya kiti. Nimemtazama mpaka akapotea kwenye kona. Hakuna aliyetaja mlio wake.

Jumamosi, 6 Machi

Siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuziandika.

Asubuhi nilimwendea Rubeni nikamwambia ahadi ni ahadi. Nilishinda kiti cha mbele siku ya Jumamosi, na leo ni Jumamosi. Akanitazama. Akasema lori haliendi popote. Nikasema sikushinda mwendo, nilishinda kiti. Akafungua mlango, akanisaidia kupanda, akaufunga kwa nje kwa waya, kwa sababu komeo limelegea. Kisha akaenda kunywa chai na ufunguo mfukoni.

Hapo ndipo nimekaa. Mbele! Kuna mshale wa mafuta, umelala. Kuna mpini wa kushushia kioo. Nilikishusha, nikaweka mkono dirishani, kiwiko nje, urefu wake sawasawa kabisa. Kwa nusu saa nilikuwa na furaha ya kweli. Watu wakapita na kunipungia. Waliporudi kutoka sokoni wakanikuta, wakapunga tena, ila kwa namna nyingine. Jua likapanda. Kiti kikaanza kuchoma. Mbele yangu gogo, mbele ya gogo Kefa, amekaa kwenye pipa anatazama barabara tupu. Teresia akaniletea maandazi kupitia dirishani. Akaniuliza tumefika wapi.

Saa nane mlio. Mdogo, mwepesi, kutoka upande wa Mbozi. Nikasema peke yangu: motokaa ndogo, Austin. Nikapatia! Mara ya kwanza mwezi huu, na hakuna shahidi. Ilikuwa motokaa ya Amoni, mnunuzi wa kahawa. Ikaja kwa kasi, vumbi nyuma yake kama moshi wa tanuri. Ikasimama upande wa pili wa gogo.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka Mzee Watson. Baba mkwe wangu! Kavaa koti lake la Jumapili, mkono mmoja bado dirishani, kiwiko nje.

Nikataka kuruka nishuke nimpigie makofi ya heshima. Mlango una waya. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Akalizunguka lori, mzee wa miaka sabini, akafungua waya kwa vidole vyake mwenyewe, akanifungulia mlango kama taniboi. Nikapiga magoti vumbini, nikapiga makofi. Vumbi likapanda tukakohoa wote wawili.

Hakuitikia salamu. Aliuliza Marita yuko wapi. Yuko salama? Nyumba imesimama? Mtoto je?

Kumbe Damiano na wenzake walifika Nanyala asubuhi na mapema wakatoa habari kama zilivyo kitabuni: Tunduma imepigwa na mvua ya inchi mbili na zaidi kwa siku moja, barabara imefungwa. Mzee akahesabu. Akakumbuka nyumba yetu iko bondeni karibu na mto. Hakungoja hata uji. Akamwendea Amoni, akambembeleza hadi saa tano, wakaja maili arobaini, na njia nzima alikuwa akitazama mito akiona miembamba, akidhani mafuriko yako mbele. Ameiacha mechi! Mechi ya kwanza kuikosa tangu uwanja ufyekwe.

Nikasikia aibu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili. Nilitamani hilo lori liondoke peke yake, nami ndani.

Marita akaja mbio akamkumbatia baba yake. Mzee akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku, kama mtu anayekagua kama kuna kilichovunjika. Machozi yalimtoka. Alisema ni vumbi.

Kisha akaomba maji. Kefa, mtu mwema, akakimbia. Akarudi na maji safi, na kikombe. Akasema samahani mzee, sina kingine, hiki nimekiokota sasa hivi kwenye nyasi za kipimo. Kikombe cha bati. Maua ya buluu.

Baba mkwe akanywa. Akanywa pointi mia na tano za mvua yangu, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akakipindua, kama wazee wanavyofanya kuonyesha wametosheka. Chini yake kuna herufi M, aliyoichora mwenyewe kwa msumari kabla ya kumpa bintiye. Akaitazama herufi. Akamtazama Marita, na Marita akanitazama mimi. Akatazama uzio wa kipimo. Akatazama ardhi kavu, na gogo, na lori, na kiti nilichokuwa nimekalia, ambacho kilikuwa na alama ya jasho langu.

Kefa yeye hakuelewa kitu. Alikuwa anauliza kama maji yametosha.

Mzee akampa Marita kikombe. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba atawaambia watu wa Nanyala mkwe wake ni mkweli. Aliandika atakuwa mbele ya lori, na mbele ya lori amemkuta.

Marita amekiweka kikombe juu ya kabati, herufi imeelekezwa kwenye upande wangu wa kitanda.

Jumapili, 7 Machi

Saa tatu. Sifuri. Gogo likainuliwa.

Rubeni anakwenda Nanyala kuwachukua wachezaji na baiskeli zao. Mtu wa ahadi kweli! Akaniita mbele ya watu wote waliotoka ibadani, akafungua waya, akasema Bwana Chupa, kiti chako, safari hii kinatembea.

Nikaweka mguu. Mguu mmoja! Kisha nikamwona baba mkwe kando ya barabara, na koti lake, na mkongojo. Amoni alikuwa amesharudi jana. Mzee hana usafiri. Mkwe gani anakaa mbele na baba mkwe wake amesimama nyuma kwenye vumbi? Watu wote walikuwa wananitazama, na Marita kuliko wote. Nikashusha mguu. Nikasema karibu, Baba.

Maili arobaini nyuma, nimeshika kamba. Nimekula vumbi la Vwawa, nimekula vumbi la Mlowo. Nilitapika mara mbili. Ni vumbi. Kila tulipopita watu, wakapunga, na kutoka dirishani nikaona kiwiko cha koti la Jumapili. Tulipofika, shemeji zangu walikuwa wamepanga mstari. Mzee akashuka polepole, mkono dirishani. Mimi nikashuka nyuma, mweupe kama mtu wa kinu cha unga. Wakanitazama, wakatazama juu.

Mechi ya jana: tulifungwa moja bila, tukiwa wanane. Lakini Damiano alidaka penalti! Fundi cherehani! Aliruka upande wa kulia, akaanguka na mpira, akaumia goti. Nanyala nzima inamwimba. Na kwa sababu goti limevimba na haliwezi kukunjwa nyuma kati ya baiskeli, Rubeni akamkalisha mbele.

Nimerudi Tunduma katikati ya baiskeli nane. Kupitia kidirisha cha nyuma nimesikia habari ya penalti mara sita. Kuanzia sasa hadithi itakuwa na kiwiko na goti.

Jumatatu, 8 Machi

Sifuri. Mbingu nyeupe. Sina hamu na benchi. Nimekwenda hata hivyo. Hali ya hewa: kavu. Magari: sikutaja. Mpira: Damiano.

Nimekaa nikitafakari. Baba mkwe ameacha mechi kwa ajili ya maji ya kikombe. Marita ananiandalia chakula bila kuniita Baba Lusungu. Nimeona wazi nilipokosea, na sitarudia kosa hilo maishani.

Mchana barua! Kutoka kwa Bwana Shamba mwenyewe. Anasema ameona taarifa ya Tunduma, aliyotumiwa na Kefa Ijumaa. Inchi mbili na pointi kumi kwa siku moja, na vipimo vyote vya jirani sifuri! Na Jumatano ile neno moja pembeni, tamu, ambalo hajapata kuliona katika kitabu chochote. Imemshangaza sana. Atafika Alhamisi kuona kwa macho yake. Na ikiwa mvua za hapa zitaendelea hivi, atanichukua hadi Galula nikawaonyeshe wenzangu jinsi ya kutunza kipimo. Atakuja na motokaa yake ndogo. Anaendesha mwenyewe, peke yake, kiti cha pembeni kitupu.

Nimeisoma mara nne. Motokaa ndogo haizuiwi na gogo. Nimefikiria kila kitu.

Marita ameniambia Nanyala wanakuja kurudiana Jumamosi, wote kwa lori la Rubeni, na baba yake atakuwa kiti cha mbele. Mzee ameanza kukipenda. Amefurahi, amewatangazia watu. Nikamwambia vizuri sana, karibu zao. Hilo ni jambo jingine.

Ameenda kisimani sasa. Kikombe kiko juu ya kabati. Nimekiteremsha. Na kosa la wiki iliyopita, kama nilivyosema, sirudii: safari hii nimekiosha kwanza, mara mbili, kwa majivu. Hakutakuwa na sisimizi hata mmoja.